Umelamba garasa kwenye taroti, unataka kurudia? Fanya hivi kwanza

Haya karibuni tena, leo mezani nina pakiti moja tu ya taroti, daftari, kalamu na simu, na hiyo simu sio pambo tutaitumia. Video ya leo ni ya wale wenzangu ambao wakiuliza karata swali alafu jibu likaja baya, wanazikusanya haraka haraka wanachanga upya, hazijapendeza bado, wanachanga tena, mpaka zitoke zile wanazozitaka. Nacheka kwa sababu nimefanya sana hii. Kwenye mchezo wa kawaida mtu akilamba garasa amelamba garasa, hawezi kuirudisha achukue nyingine mpaka alambe dume, wenzake watamtoa mezani siku hiyo hiyo. Kwenye taroti uko peke yako chumbani, hakuna wa kukutoa, kwa hiyo hiyo adabu inabidi ujiwekee mwenyewe.

Kwa wale wageni niwaweke sawa kidogo. Pakiti nzima ni karata 78. Kati ya hizo 56 zimegawanyika makundi manne ya karata 14, Vikombe, Sarafu, Mapanga na Fimbo, na hapa kuna kitu nakipenda sana, yale majina yetu ya karata za kawaida, kopa, uru, shupaza na pau, yametoka kwenye Kireno na huko maana yake ni vikombe, dhahabu, panga na fimbo, yaani kama umecheza karata utotoni hawa unawajua zamani sana, ulikuwa hujui tu. Zile 22 zilizobaki ni kubwa, akina Mnara, Kifo, Nyota, Mwezi, na ukiondoa Mpumbavu ambaye yeye ana namba 0, zile 21 kazi yake ya mwanzo ilikuwa turufu kabisa, turufu hii hii ya kukatia, maana taroti ilianza kama mchezo tu huko kaskazini mwa Italia karne ya 15, mambo ya kupigia ramli yakaja kushika kasi Ufaransa miaka ya 1780. Hii niliyoshika mimi ni ile michoro ya Pamela Colman Smith iliyotoka London 1909, wengi wenu mnayo hii. Historia basi, twende kazini.

Hatua ya kwanza, usiguse karata. Umeuliza, umetandika, umeona usichokipenda, mikono ibaki mapajani. Chukua simu piga picha kutoka juu, karata zote zionekane na zile zilizotoka kichwa chini zionekane ziko kichwa chini. Mimi nitawaonyesha yangu ya mwezi uliopita, nasogeza simu kwenye kamera hapa... mnaiona? Karata tatu. Nane ya Mapanga, yule mwanamke amefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, katikati Mnara, radi inapiga watu wanadondoka, na mwisho Mbili ya Vikombe kichwa chini. Nilikuwa nimeuliza habari za kazi na mtu mmoja tunayefanya naye hiyo kazi, sasa we fikiria nilivyojisikia. Bila picha ningewaambia leo kwamba ilitoka Mnara tu, ile ya kwanza ningeisahau, kichwa cha mtu kinabaki na kile kilichomuuma.

Alafu andika. Swali, kwa maneno yale yale uliyotumia, usilipambe. Tarehe. Na mstari mmoja, ulijisikiaje ulipozifunua. Huo mstari unaonekana wa kitoto lakini ndio utakaokuumbua mbele ya safari.

Sasa hatua ya pili ndio yenye kazi, jiulize kwa nini unataka kurudia. Mimi nazikubali sababu tatu. Moja, kusoma kwenyewe kuliharibika, mtu alikuita katikati, karata zilidondoka, au pakiti haikuwa kamili, na hii msiidharau, zihesabu, kuna kipindi nilisoma wiki mbili nzima na karata 77 maana Malkia wa Fimbo alikuwa chini ya kochi. Mbili, swali lilikuwa limepinda, umeuliza "nihame na yeye atanifuata?", hayo ni maswali mawili ndani ya nguo moja, karata zikijibu utajuaje zimejibu lipi. Tatu, kuna jambo jipya limetokea kweli, umepigiwa simu, umepewa barua, mmeshaongea, hali sio ile ya siku uliyouliza.

"Sijalipenda jibu" haimo. Na "sijalielewa" nayo haimo, ila hiyo ina dawa yake. Kama kuna karata moja imekugomea kabisa, chomoa moja ya kuifafanua, iweke ubavuni mwake, na hapo umefunga. Moja. Sio ile unachomoa ya kufafanua, alafu ya kumfafanua mfafanuzi, nimeshaona picha ya mtu swali lake ni ndio au hapana na meza ina karata kumi na tano, hapo hata karata zenyewe zinashangaa.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini nimekuwa mkali hivi, na sio mambo ya mizimu ni hesabu ya shule. Ukichomoa karata tatu kwa mpangilio kutoka kwenye 78, njia zinazowezekana ni 78 mara 77 mara 76, ambayo ni 456,456. Kwa hiyo ukirudia, kutoka tofauti ni jambo ambalo lilikuwa litokee tu, sio kwamba karata zimebadilisha mawazo. Na chukua Mnara peke yake, uwezekano wa kuwemo kwenye karata tatu ni mmoja kati ya 26. Maana yake ukichanga vizuri ukarudia, mara 25 kati ya 26 Mnara hautakuwepo, na wewe utapumua useme "aah, kumbe imepita". Haijapita kitu! Kurudia kunakubembeleza tu, karibu kila mara. Na upande wa pili pia upo, karata kubwa moja au zaidi huwa inatokea karibu mara 64 kati ya 100 ukichomoa tatu, kwa hiyo yule anayerudia mara nne akaona kubwa nyingine alafu akasema zinamfuata, hazimfuati, ndivyo pakiti ilivyo.

Kama unaamini karata zinajua kitu, basi zimeshakujibu na unaziita waongo. Kama huamini, unazitumia kujitazama tu kama kioo, sawa, lakini kioo gani hicho unakivunja kila kikionyesha chunusi.

Haya, kusubiri. Mnaniulizaga sana nisubiri siku ngapi. Wapo wanaosubiri mwezi wa angani uzunguke, siku kama 29 na nusu hivi, wapo wanaosema usirudie mpaka jambo lenyewe litikisike. Mimi naangalia umri wa swali. Umeuliza habari za wiki hii, subiri wiki iishe. Umeuliza ndoa au kazi, mwezi mmoja ni kidogo sana lakini basi walau huo. Weka alamu kwenye simu na tarehe, sio "nikikumbuka", maana utakumbuka kesho saa saba usiku. Na katikati hapo fanya hata kitu kimoja ambacho kusoma kwa kwanza kulikugusa, mimi ile Nane ya Mapanga ilinifanya niulize ofisini swali nililokuwa naliogopa miezi. Ndio maana leo nina haki ya kurudia, kuna kitu kimetikisika.

Na tunarudia sasa hivi, mbele yenu. Kwanza nazigeuza zote zitazame upande mmoja, hakuna ya kichwa chini kutoka zamani. Alafu nachanga, na hapa naomba mtulie. Wengi wetu tunachanga kwa kudondosha mafungu mafungu kutoka mkono huu kwenda huu, inapendeza ila karata nyingi zinabaki na majirani zao wale wale. Ndio unasikia mtu "jamani Mnara na Nane ya Mapanga wametoka tena pamoja!", hawajatoka tena, hawakuachana. Mwaka 1992 wanahesabu wawili, Dave Bayer na Persi Diaconis, walionyesha kwamba pakiti ya karata 52 inahitaji kama mara saba za ule mchango wa kugawa pakiti mbili na kuziingilianisha kwa vidole gumba. Yetu ni 78, mimi napiga tisa nalala salama. Vidole vikigoma zimwage mezani uzikoroge kwa viganja, kama dakika nzima hivi, usione aibu.

Wakati nachanga nabadilisha swali. Siulizi lile lile. Badala ya "hii kazi itaniharibikia?" nauliza "tangu nilipouliza mwezi uliopita, upande wangu nini kimesogea?" Pakiti ile ile, karata tatu zile zile kwa idadi, nafasi zile zile, msianze kuja na mtandazo wa karata kumi eti huu una nguvu zaidi. Nakata... nafunua. Sita ya Mapanga. Nne ya Vikombe. Mwezi.

Naweka simu na ile picha ya zamani pembeni, mnaona, zinasomwa pamoja, hii mpya haijafuta ile. Mwezi uliopita mtu amefungwa kasimama kati ya mapanga, leo mapanga yapo lakini yamo ndani ya mtumbwi na watu wanavuka. Mimi hiyo inanitosha kabisa. Nne ya Vikombe ni kijana kakaa chini ya mti anapewa kikombe wala hakitazami, hiyo nadhani ni mimi kwa yule mwenzangu wa kazi, sitaki kuongea sana hapa anaweza kuwa anatazama. Mwezi sijauelewa. Na sichomoi ya kufafanua, leo hapana.

Sasa kama unasomewa na mtu mwingine, adabu zinaongezeka. Ukienda kwa msomaji wa pili mwambie mapema, "swali hili nimeshasomewa, tarehe fulani", usimfiche ili umtege. Usimtolee picha ya kule kwa kwanza umwambie mbona mwenzako alisema hivi, unawagombanisha watu wasiojuana. Ukirudi kwa yule yule, kurudia ni kazi mpya, lipa, sio "si uliangalia juzi, nimalizie tu". Na akikataa kukusomea mshukuru uondoke, aliyekataa hela yako kwa sababu ni mapema mno huyo mtunze namba yake. Ila yule anayekwambia karata zako ni mbaya sana rudi kesho na hela zaidi azisafishe, huyo kimbia, usiage.

Na wewe unayesomea watu, kuna mteja atakutumia meseji kila usiku, "dada samahani naomba uniangalizie tena kidogo tu". Usimjibu kwa ukali na usimjibu kwa karata. Mwambie, "Mdogo wangu, lile swali liko mezani bado, tukilifunua tena leo nitakuchanganya. Niambie kwanza kimetokea nini tangu juzi." Nusu ya mara atakwambia hakijatokea kitu, ila anaogopa, na hapo mnaongea kama watu, karata zikae. Akikwambia ni kidonda, ni kesi, ni uvimbe ameuona, hayo sio ya kurudia wala sio ya kuanza, muelekeze kwa daktari au mwanasheria. Na kama hana usingizi, anazifungua mara kumi kwa siku, mshauri ampe mtu pakiti amshikie kwa muda na atafute mtu wa kuongea naye, kwa utulivu tu, usimcheke.

Mimi hapa nimeshapiga picha ya pili, naandika tarehe, naandika na ule mstari wangu wa nimejisikiaje, na huo siwasomei. Karata kwenye mfuko. Alamu imewekwa siku 30. Kuna mtu ataandika "chomoa basi moja tu ya Mwezi tujue", nakuona kabisa, na jibu ni hapana.