Logi za Seva: Nani Kapita, Kataka Nini, Kangoja Muda Gani

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia logi za seva ya wavuti, yaani faili ambamo seva huandika kila ombi na kila kosa, kitu ambacho wanaoanza hukikumbuka siku tovuti imeshagoma. Kaka Salim, mtu kasakinisha Nginx, programu ya seva ya wavuti, jana. Aanzie wapi?

SALIM: Aanze kwa kusoma, dada. Nginx huandika logi tangu inapowashwa, hata hujaigusa. Kwenye Ubuntu au Debian, ingia /var/log/nginx, utakuta access.log na error.log. Anayetumia Apache, seva nyingine ya wavuti, aangalie /var/log/apache2. Kisha piga amri hii, ufungue tovuti yako, uone mistari inavyoshuka:

sudo tail -f /var/log/nginx/access.log

ZUHURA: Na ile mistari ndiyo inayomtisha mgeni. Tuusome mmoja.

SALIM: Huu hapa:

203.0.113.7 - - [12/Mar/2025:09:14:02 +0000] "GET /picha HTTP/1.1" 404 153 "-" "Mozilla/5.0"

Mwanzo ni anwani ya IP ya aliyeomba. Inafuata saa, kisha ombi lenyewe. 404 maana yake alichotaka hakipo, na 153 ni baiti alizotumiwa. Kile kistari kwenye nukuu ni mahali pa ukurasa aliotokea, hapa hakuutaja. Mwisho ni jina alilojitambulisha nalo.

ZUHURA: Alilojitambulisha nalo, jamani. Roboti yoyote inaweza kudai ni kivinjari, kwa hiyo usihesabu wageni kwa jina hilo peke yake.

SALIM: Kabisa. Lakini pengo linaloniuma mimi ni muda. Watu wanalalamika tovuti ni nzito, wewe ukifungua logi unaona 200, yaani ombi limefaulu, mstari baada ya mstari, kana kwamba mambo ni shwari. Muundo wa kawaida hausemi ombi lilichukua sekunde ngapi! Fungua /etc/nginx/nginx.conf, na ndani ya sehemu ya http uweke:

log_format muda '$remote_addr [$time_local] "$request" $status $body_bytes_sent "$http_user_agent" $request_time $upstream_response_time';
access_log /var/log/nginx/access.log muda;

ZUHURA: Na ule mstari wa access_log uliokuwapo?

SALIM: Uondoe, la sivyo kila ombi litaandikwa mara mbili. Halafu "sudo nginx -t" kukagua, na ikikubali, "sudo systemctl reload nginx".

ZUHURA: Mbona umeweka vipimo viwili vya muda?

SALIM: Cha kwanza kinahesabu tangu ombi linapoanza kuingia hadi baiti ya mwisho inapotumwa, kwa hiyo mtandao mbovu wa mteja nao umo. Cha pili ni muda ambao programu iliyo nyuma ya Nginx imechukua kujibu. Cha kwanza kikiwa kikubwa na cha pili kidogo, usiilaumu programu yako. Ukikuta kistari tu mahali pa cha pili, Nginx imejibu yenyewe.

ZUHURA: Kuna wanaoona anwani moja ya IP kila mstari.

SALIM: Hao seva zao ziko nyuma ya proksi, seva ya kati inayowapitishia maombi, na wanachoona ni anwani ya proksi. Tumia set_real_ip_from pamoja na real_ip_header X-Forwarded-For, kichwa cha ombi ambamo proksi huandika IP ya mteja. Ila utaje anwani za proksi yako tu. Ukiamini kila anayekuja, mtu yeyote ataandika IP ya uongo kwenye ombi lake, nawe utaipokea.

ZUHURA: Mimi naomba niseme la faragha, kwa sababu hizi ni nyendo za watu. Fomu ikituma nywila kwa GET, yaani ndani ya anwani ya ukurasa, nywila hiyo inakaa wazi ndani ya logi. Itume kwa POST, ambayo haiiweki kwenye anwani. Na usiweke logi milele bila sababu.

SALIM: Hapo logrotate, programu inayobadilisha faili za logi na kufuta za zamani, inasaidia. Ukisakinisha Nginx kwa apt, mpangilio wake uko /etc/logrotate.d/nginx. Soma neno "rotate": namba iliyo mbele yake ndiyo idadi ya faili za zamani zinazobaki.

ZUHURA: Na diski ikijaa usiku, nikafuta access.log kwa rm?

SALIM: Nafasi hairudi. Nginx bado imelishikilia faili lile na inaendelea kuliandikia, ingawa wewe hulioni. Piga "sudo nginx -s reopen", italiachia na kufungua jipya.