Mkono Uliobanwa: Kanuni za Mieleka kwenye Michezo ya Kuigiza ya Mezani

Ndugu zangu, kabla hatujagusa dadu, tuanze na kiwiko.

Kiwiko ni kama bawaba ya mlango, kinakunjika upande mmoja tu. Mlaze mtu chali, umshike kifundo cha mkono kwa mikono yako miwili, gumba lake likitazama juu, ubane magoti, kisha uinue nyonga chini ya mkono wake, juu kidogo ya kiwiko. Hapo mkono hauna pa kwenda. Lakini ukiliacha bega lake huru, atajigeuza, kiwiko kitachomoka na kazi yote imepotea. Angalieni vizuri: mpaka hapo hajaumia. Amewekewa uamuzi tu, asalimu amri au avunjike. Kanuni ya mezani isiyompa aliyekamatwa uamuzi huo ni kanuni ya ngumi iliyobadilishwa jina.

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika na dadu huamua matokeo, imejaribu kuandika mieleka mara kadhaa. Katika toleo la mwaka 2000, anayekamata humpa kwanza adui nafasi ya kumpiga, kisha hujaribu kumgusa, kisha wote wawili hushindana kwa dadu, ndipo aingie kwenye nafasi ya adui. Kila ngazi ya ukubwa wa mwili huongeza au kupunguza 4. Kanuni hiyo inafanya kazi, ila meza nzima husimama kusoma kitabu, na wachezaji wakaizoea kwa kuikwepa.

Toleo la 2014 likakata sana. Unatumia shambulio moja, uwe na mkono mmoja ulio wazi, adui asikuzidi zaidi ya ngazi moja ya ukubwa, mnashindana mara moja. Ukishinda, mwendo wake unakuwa sifuri. Basi. Hapa ndipo watu wengi hukosea: aliyekamatwa bado anapiga kwa upanga kama kawaida, na mchawi bado anatamka na kutupa uchawi wake. Mwaka 2024 mashindano yaliondolewa. Mlengwa hurusha dadu kujiokoa kwa nguvu au kwa wepesi, apendavyo mwenyewe, akilenga kufikia 8 ukijumlisha nyongeza ya nguvu na ya ustadi ya mshambuliaji. Vilevile, aliyekamatwa hupata shida akimshambulia mtu mwingine asiyekuwa aliyemshika. Hilo nalipenda, maana linafanana na mieleka ya kweli: umemlazimisha ashughulike na wewe.

Nguvu ya kanuni za 2014 imejificha kwenye kuunganisha mambo mawili. Mkamate, kisha msukume aanguke. Kwa kuwa mwendo wake ni sifuri, hawezi kuinuka. Akiwa chini, mashambulio yake hurushwa kwa dadu mbili na kuchukuliwa ndogo. Walio ndani ya futi 5 wakimpiga huchukua kubwa. Hesabu yake ni hii: kila mmoja hurusha dadu ya pande 20, mpiganaji ana nyongeza ya 7, mlinzi ana 3. Sare haibadilishi kitu, kwa hiyo mpiganaji hushinda shindano moja kwa asilimia 66. Kushinda yote mawili mfululizo ni takriban asilimia 44. Sasa mwendesha mchezo mwenye nia njema akiongeza shindano la tatu, la kubana kiungo, tumeshuka mpaka asilimia 29. Ndiyo sababu kanuni nyingi za nyumbani, zile ambazo wachezaji hujitungia, hufa baada ya vikao viwili. Mchezaji ametumia zamu zake zote, wakati mwenzake mwenye shoka ameshaangusha maadui.

Dawa yake ni kufanya kila hatua iwe na faida yake, hata ya pili ikishindikana.

GURPS, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la 2004, imekaribia zaidi ukweli kwa upande wa mkono. Kwanza unakinga pigo kwa ustadi wa judo au mieleka, na zamu inayofuata unajaribu kuunasa mkono ule. Adui hupewa zamu yake ya kujinasua, nawe una nyongeza ya 4 kumzuia. Ni baada ya hapo ndipo unaweza kuukandamiza, na maumivu yanalingana na tofauti ya ushindi wako. Ile zamu iliyo katikati ndiyo roho ya kanuni nzima.

Ukitaka kuandika ya kwako juu ya dadu ya pande 20, fanya hivi. Kubana kiungo kuruhusiwe tu kwa adui aliyekamatwa na kuanguka, na kutumie mikono yote miwili. Ukifaulu, usitoe pointi yoyote ya uhai. Mkono ule hautumiki: silaha iliyomo inaanguka, na ishara za uchawi zinazouhitaji hazifanyiki. Zamu yake ikifika, achague kutulia, kusalimu amri, au kujinasua. Akijaribu kujinasua akashindwa, kiungo kinavunjika: dadu mbili za pande sita, na mkono haufai kitu mpaka atibiwe. Akitulia, wewe unaweza kuuvunja zamu yako, bila kurusha dadu. Msisahau sharti hili: ukilipoteza eneo la bega, yaani akiinuka au mtu akikusukuma, mbano umefunguka.

Gharama ni lazima iwepo pia. Anayebana amelala, mikono imeshughulika, hawezi kukinga. Yeyote anayempiga akiwa karibu achukue dadu kubwa kati ya mbili. Bila hilo mieleka itameza mchezo mzima. Ukiwa nalo, mbano unafaa pale mko wawili tu, au wenzako wanakulinda mgongo.

Bega na nyonga ni habari nyingine. Hivyo huzunguka pande nyingi, hivyo kubana kunahitaji kusokota huku umeukalia mwili wake. Toza hatua moja zaidi. Deraya ya minyororo haisaidii, kwa kuwa hakuna pigo la kuzuia. Bamba gumu la chuma linalofunika kiwiko na lisiloweza kukunjika kinyume lina haki ya kumpa mwenye nalo nyongeza ya kujinasua. Na nyoka, chatu wa majini, au kiumbe cha ute? Hakina kiwiko. Mshike ukiweza, lakini usiruhusu abanwe.