Wahindi, Wapakistani na Hoja ya Damu

Ahsante mwenyekiti. Ndugu zangu, nianze na watu wawili ambao hawakosi kutajwa kila unapozungumzwa mgawanyiko wa 1947, Bara Hindi la Mwingereza lilipokatwa kuwa India na Pakistan: Gandhi na Jinnah. Gandhi alizaliwa Porbandar. Jinnah alizaliwa Karachi, lakini wazazi wake walitoka Paneli, kijiji cha Kathiawar, rasi ileile ya Gujarat iliko Porbandar. Nyumbani kwao wote wawili walisema Kigujarati. Tena Jinnah alikuwa Khoja, na Makhoja wengi chimbuko lao ni Walohana, wafanyabiashara wa Kihindu waliosilimu zamani sana. Walohana tunao hapa Afrika Mashariki: akina Nanji Kalidas Mehta na Muljibhai Madhvani, wale matajiri wa sukari wa Uganda, walikuwa Walohana. Makhoja nao si wageni kwenu, pitieni Upanga au Mji Mkongwe. Basi mwasisi wa Pakistan, mtu aliyesema Waislamu wa Bara Hindi ni taifa mbali, nasaba yake inarudi huko huko.

Iqbal je? Mshairi wa Sialkot, ndiye aliyesimama Allahabad mwaka 1930 akatoa wazo la dola ya Waislamu kaskazini-magharibi. Ukoo wake ni Wabrahmani, yaani tabaka la makuhani wa Kihindu, wa Kashmir, na hakuficha, alilitaja mwenyewe katika mashairi yake.

Punjab, jimbo lililokatwa katikati na mpaka ule, ndiko mambo yalikochanganyika zaidi. Huko Jat, mtu wa ile jamii kubwa ya wakulima, anaweza kuwa Mwislamu, Singasinga au Mhindu, na jina la ukoo likabaki lile lile. Jenerali Qamar Javed Bajwa aliongoza jeshi la Pakistan kuanzia 2016 hadi 2022. Ng'ambo ya mpaka, Partap Singh Bajwa, Singasinga, ni mmoja wa viongozi wa chama cha Congress. Bajwa na Bajwa. Wataalamu wa vinasaba nao walipochunguza mifupa ya kale, katika utafiti mkubwa uliotoka 2019, hawakukuta damu ya Kihindi na damu ya Kipakistani. Walikuta mchanganyiko wa watu wa Bonde la Indus, wawindaji wa kale wa kusini na wafugaji waliotoka nyika za kaskazini, na mchanganyiko huo umevuka mpaka wa leo kama vile haupo.

Sasa hapa wengi hukimbilia kusema: basi ni watu wamoja, mpaka ufutwe. Mimi siko huko. Wako wanasiasa wa India wanaoipenda sana hoja ya damu, kwa sababu inawaruhusu kumwambia Mpakistani kwamba yeye ni Mhindu aliyepotea njia. Huko ni kumkumbatia mtu ili umnyime jina lake. Pakistan nako kuna vitabu vya shule vinavyoanza hadithi ya nchi mwaka 712, Muhammad bin Qasim alipoiteka Sindh, utadhani kabla yake pale hapakuwa na bibi wala babu. Na familia chungu nzima zinajinasibisha na Makuraishi, kabila la Mtume. Sisi wa pwani tusicheke sana, Ushirazi wetu, yale madai ya asili ya Uajemi, tunaujua.

Kilichowafanya kuwa mataifa mawili ni yale waliyopitia. Cyril Radcliffe, mwanasheria Mwingereza ambaye hakuwahi kufika India, aliwasili Julai 1947 akapewa takriban wiki tano kuchora mpaka. Ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru. Wilaya ya Gurdaspur ilikuwa imewekwa chini ya Pakistan kwa muda. Watu walilala Wapakistani, wakaamka wameambiwa sehemu kubwa ya wilaya ni India. Waliohama wanakadiriwa kuwa milioni 12 hadi 15, na waliouawa ni mamia ya maelfu, wengine husema milioni au zaidi. Mtu aliyezika wenzake njiani humwambii habari za babu mmoja. Dini nayo haikutosha kuwa gundi: mwaka 1971 Wabengali, Waislamu wale wale, walijitoa wakaunda Bangladesh.

Januari 2022 ndugu wawili waliotenganishwa utotoni katika vurugu zile walikutana Kartarpur, kwenye hekalu la Masingasinga lililo upande wa Pakistan, ambako wakati huo mahujaji kutoka India waliruhusiwa kuingia bila viza, utaratibu ulioanza Novemba 2019. Wazee wazima, wanaangua kilio kifuani mwa mwenzake. Lakini kibali kile kilikuwa cha siku moja, hekaluni tu. Jioni ilibidi kila mmoja arudi kwao, na yule wa India akasubiri viza ndipo aende nyumbani kwa kaka yake.

Na mpaka ule ulifika hadi huku. Vibarua zaidi ya 30,000 waliojenga reli ya Uganda kuanzia 1896 wengi wao walikuwa Wapunjabi, wakapandia meli Karachi. Waliobaki walizaa Nairobi na Kisumu watoto ambao Lahore hawajaiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kenya ya kikoloni ikawatenga Waasia katika daftari la wapiga kura: Waislamu kwao, wasio Waislamu kwao. Waafrika tuliendelea kuwaita wote Wahindi, na sidhani tulijali.

Ninayo hayo. Yule kaka wa nyuma tangu mwanzo amenyoosha mkono, nahisi anataka kuuliza habari za Kashmir, ile ardhi ambayo nchi hizo mbili zinaigombania. Mpeni kipaza sauti.