Kitambaa cha Kuzunguka Kisiwa

Ahsanteni. Nianze na bei ya kisiwa. Tarikhi ya Kilwa, yaani habari za kale za watawala wake, ile ya Kiarabu, inasema Mshirazi, mtu wa Shiraz huko Uajemi, aliinunua Kilwa kwa kitambaa cha kutosha kuzunguka kisiwa chote. Muuzaji akabeba mali yake, akavuka kwenda bara wakati maji yamekupwa. Alipotaka kurudi, akakuta mkondo umeshachimbwa, havuki tena.

Mnacheka. Haya, nanyi pigeni hesabu ya doti!

Lakini msiitupe hadithi. Anayesisitiza sana kwamba alinunua huenda kuna mtu anamdai kiwanja. Kwa hiyo kuhusu siku ya mauzo hadithi hii hainisaidii kitu, ila kuhusu wenye mji wa wakati ilipoandikwa, inanisaidia sana.

João de Barros, Mreno, alichapisha habari za Kilwa Lisbon mwaka 1552, naye hakuwahi kufika huku. Kwake huyo mnunuzi anaitwa Ali, mtoto wa mama Mhabeshi, kaka zake wanamdharau, basi anahama. Kwenye Kiarabu ni baba na wanawe sita, merikebu saba, na mama wa Kihabeshi hatajwi. Nani kamfuta, au nani kamwongeza? Hapo ndipo kazi yetu ilipo.

“Basi tumwamini aliyeona kwa macho.” Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akasema mji umejengwa kwa miti. Na msikiti wa mawe ulikuwepo! Alisimulia miaka zaidi ya 20 baadaye, kalamu ikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Ila jina la sultani, al-Hasan bin Sulaiman, na ukarimu wake, hakusahau. Jina hilo tunalo kwenye sarafu na kwenye maandishi ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme la Kilwa. Mgeni husahau kuta, aliyempa zawadi hamsahau.

Sarafu nazo zina yake. Za Kilwa zina jina la mtawala, maneno ya pande mbili yana vina kama shairi, lakini mwaka hazina. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alimweka Ali bin al-Hasan wa kwenye sarafu, anayechukuliwa kuwa ndiye Ali wa hadithi, karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 ikafukuliwa hazina Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vijisarafu vya ukubwa wa ukucha, baadhi zikiwa na jina hilohilo, zimelala pamoja na dinari za Wafatimi, watawala wa Misri, zenye tarehe. Ali akarudishwa nyuma hadi karne ya 11.

Jina, basi, tumelipata. Kitambaa bado.