Kwa Mtumbwi Hadi Mangapurua: Mto Whanganui na Njia ya Walowezi

Waheshimiwa wenyeji wetu, na ninyi nyote mliokuja kusikiliza, nawashukuru. Nimeombwa kueleza safari ya siku 5 kwa mtumbwi katika mto Whanganui, kisiwa cha kaskazini cha New Zealand. Nitaieleza kwa kufuata maji, kuanzia Taumarunui hadi Pipiriki, mwendo wa kilomita 145. Hata hivyo nitakaa zaidi mahali pamoja, yaani Mangapurua, kwa kuwa hapo ndipo historia ya walowezi inaposomeka waziwazi kuliko pengine popote katika mto ule.

Mto huu huanzia kwenye miteremko ya mlima Tongariro na kumwaga maji yake katika bahari ya Tasman baada ya kilomita 290 hivi. Tulisafiri wawili wawili katika mitumbwi ya plastiki, vyakula na nguo vikiwa ndani ya mapipa yenye vifuniko visivyopitisha maji, nayo yamefungwa kwa kamba. Anayekaa tezi ndiye mwelekezaji; wa omo hupiga kafi na kuangalia mawe. Maji ya kasi si ya kutisha, lakini mvua ikinyesha kwenye milima mto hupanda kwa muda mfupi, na hapo hakuna busara nyingine ila kungoja. Siku 2 za kwanza mtu hupita kando ya mashamba. Baada ya Whakahoro kingo huinuka zikawa kuta za mwamba laini wa kijivu, ambao wenyeji huuita papa, zikiwa zimefunikwa na majani ya jamii ya kangaga, na kwa siku nzima unaweza usione nyumba.

Katika kuta hizo yapo matundu madogo ya mviringo. Yalichimbwa na pondo za Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, waliokuwa wakipandisha mitumbwi yao dhidi ya mkondo, kizazi baada ya kizazi, wakichomeka upondo palepale walipochomeka babu zao. Ninyi mliokulia pwani mnajua upondo ni nini, na mnaweza kukisia ni miaka mingapi huhitajika mpaka mti utoboe mwamba. Wamaori hao walijenga pia nyando za kunasa mikunga, na wakati meli za mvuke za mfanyabiashara Alexander Hatrick zilipoanza kupita katika miaka ya 1890, mto ulisafishwa kuzipisha na nyando ziliharibiwa, wenyewe wakilalamika. Naona ni wajibu kulitaja jambo hili kabla ya kuwataja walowezi, kwa sababu njia iliyowaleta walowezi ilifunguliwa kwa gharama ya watu waliokuwa na njia hiyo tangu zamani.

Mwaka 1917 serikali ililifungua bonde la Mangapurua kwa askari waliorejea kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Walipewa msitu mnene kwenye miteremko mikali, wakaufyeka, wakauchoma, wakapanda nyasi za kondoo. Mahitaji yao yaliletwa na meli za mtoni hadi kituo kilichokuwa mdomoni mwa bonde. Mto basi ndio uliokuwa barabara yao ya kweli, lakini tumaini lao lote waliliweka katika barabara ya nchi kavu waliyoahidiwa. Miti ilipokwisha kukatwa, udongo haukuwa na cha kuushika. Kila masika ya mvua kubwa ukaporomoka, ukafukia njia. Daraja la zege, refu kwenda juu mita 38 hivi kutoka kwenye kijito, lilikamilika mwaka 1936, wakati familia nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka. Mwaka 1942, baada ya mafuriko makubwa, zilikuwa zimebaki familia 3 tu, na serikali ikakataa kuendelea kuitengeneza barabara. Bonde likafungwa.

Kutoka mahali pa kufungia mitumbwi hadi darajani ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu. Wageni hulijua kwa jina la Daraja Lisilofika Popote. Jina hilo silipendi. Lilifika kwenye milango ya watu, na ukilivuka ukapanda bonde utakuta mabomba ya moshi ya matofali yamesimama peke yake msituni, pamoja na mistari ya miti ya kigeni waliyoipanda kuzunguka nyumba zao.

Usiku huo hulala Tieke, makazi ya kale ambayo Wamaori wa mto walirudi kuyakalia mwaka 1993, nao humkaribisha mgeni kwa taratibu zao. Wana msemo usemao kwamba wao ni mto na mto ni wao. Mwaka 2017 bunge lilipitisha sheria inayoutambua mto, tangu milimani hadi baharini, kuwa na haki za mtu mbele ya sheria, baada ya madai ya zaidi ya karne nzima.

Asubuhi ya mwisho ina maji magumu kuliko yote, na pale Autapu wimbi liliruka omo likajaza mtumbwi wetu nusu. Mapipa yalishika. Tulikumba maji kwenye ukingo wa changarawe, tukaendelea hadi Pipiriki, tukaufunga mtumbwi mahali ambapo zamani abiria wa meli za Hatrick walikuwa wakishuka.