Kobe anadondosha oili: washa ya shaba na nati ya kumwagia

BARAKA: Karibuni tena gereji, wasikilizaji. Leo nimekuja na aibu yangu mwenyewe. Kobe wangu, Volkswagen ya mwaka 1967, ananiachia doa la oili kila asubuhi. Jirani ameniuliza kama nimefungua kituo cha mafuta.

SALMA: (anacheka) Pole kaka. Tangu lini?

BARAKA: Tangu nimwage oili mwezi jana. Fundi alikaza nati ya chini, ile ya kumwagia oili, mpaka ikalia. Wapi! Akaifungua, akazungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba, akapaka na silikoni juu. Siku ya tatu tone likarudi.

SALMA: Huo utepe ndio umeniuma. Bomba la maji meno yake yanaelekea kuchongoka, kwa hiyo ukikaza yanabanana. Nati ya kumwagia oili meno yake yamenyooka, ukaze usikaze oili itajipenyeza. Kinachoziba ni washa ya shaba, ile pete bapa, pale kichwa cha nati kinapolalia bati la chini ya injini. Washa ilikuwa mpya?

BARAKA: Alirudisha ile ile.

SALMA: Eeh, basi. Shaba ikishabanwa inakuwa ngumu, hailali tena vizuri. Ukikosa mpya, ishike kwa koleo, ipashe kwenye moto wa gesi mpaka iwe nyekundu ya kufifia, itumbukize majini. Inarudi laini.

BARAKA: Majini? Mbona patasi ukiifanyia hivyo inakuwa ngumu?

SALMA: Hiyo ni chuma cha pua. Shaba haijali, hata ukiiacha ipoe yenyewe. Sugua masizi, rudisha. Ila hakikisha ni shaba kweli, maana alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na haikuonyeshi wekundu wowote kwanza.

BARAKA: Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1962, leo linashindwa na washa!

SALMA: Na bati je, mlilitazama? Chini ya injini hiyo kuna bati la duara, nati 6 ndogo za spana namba 10, na chujio la waya katikati ya gasketi 2 za karatasi. Watu wanazikaza hizo nati 6 kama nati za tairi. Bati linabonyea penye matundu, linainuka kati ya tundu na tundu, oili inapita hapo. Lilaze juu ya chuma kilichonyooka, uligonge polepole mpaka litulie. Halafu kaza nyutoni mita 7, usizidishe. Na zile nati 6 nazo zina washa zake za shaba, usizisahau, maana oili hutambaa kwenye stadi, yaani zile skrubu zisizo na kichwa zinazovishwa nati.

BARAKA: Saba? Huo si mkono wa mtoto?

SALMA: Spana fupi, vidole viwili. Stadi zenyewe ni za milimita 6, zimejishikiza kwenye aloi ya magnesiamu. Ziking'oka na meno yake, utamtafuta fundi wa kuchonga tundu upya, na huyo hana bei ndogo.

BARAKA: Silikoni je, kidogo tu?

SALMA: Ikwangue yote. Inayozidi inachuruzika ndani, inakatika vipande, inaganda kwenye chujio. Na bomba la kunyonya oili limezama humo humo. Injini inabeba lita 2.5 tu, haina maji ya kuipoza. Inategemea upepo na hiyo oili. Ukiziba chujio umeiua.

BARAKA: Na nikifanya yote, bado likadondosha?

SALMA: Basi linatoka juu. Oili huteremka mpaka pa chini kabisa, nati inasingiziwa. Mara nyingi ni mipira ya yale mabomba yenye fimbo za valvu. Osha chini, kausha, nyunyiza poda ya watoto, zunguka mtaa mara mbili, kisha lala chini uchungulie poda imelowa wapi.

BARAKA: Poda ipo nyumbani. Sasa nitamwambia nini mama watoto?

SALMA: Mwambie Kobe ana vipele.