"Mbona hamji Desemba?" Leo nawajibu

Assalaam aleikum, habari zenu wapendwa, karibuni tena jikoni kwangu Leicester, Uingereza. Mtanisamehe kwa hiyo kelele, mashine ya kufulia inakamua na sina pengine pa kukaa.

Leo nalijibu lile swali mnaloniuliza kila mwisho wa mwaka, na kinara wenu ni mama yangu mzazi huko Tanga: "Mbona hamji Desemba, wakati watoto wote wamefunga?" Najua wengine mnaona tunaringa. Jamani, haturingi. Anayetupangia safari ni kalenda ya shule.

Huku England mtoto anasoma siku 190 kwa mwaka. Zinabaki kama wiki 13 za likizo, nazo zimekatwakatwa kama muhogo wa kuchemsha: mbili za Krismasi, mbili za Pasaka, moja moja katikati ya mihula, halafu lile pande kubwa la wiki sita wakati wa joto. Sasa mfanyakazi wa kutwa, kima cha chini cha sheria, anapata likizo ya wiki 5.6. Zangu 5.6, za baba watoto 5.6, jumla 11 na ushee. Yaani hata tukipokezana kama askari wa lindo, mimi naingia yeye anatoka, mwaka mzima tusipumzike pamoja hata siku moja, bado kuna karibu wiki mbili watoto hawana mtu wa kukaa nao. Hizo ndizo unalipia mahali pa kushinda, au unamwangukia ndugu.

Ndugu mwenyewe ni dada yangu, yuko Coventry. Kwa gari hata saa nzima haiishi. Lakini Leicester tunafunga mapema kuliko sehemu kubwa ya England, mnamo tarehe 10 Julai hivi, wenzetu wanafuata wiki moja au mbili baadaye. Wenyeji wanasema ni mabaki ya viwanda. Mji huu zamani ulikuwa wa soksi, fulana na viatu, na viwanda vilikuwa vikifungwa kwa pamoja wiki mbili za kwanza za Julai, basi na shule zikafuata. Viwanda vimeondoka, likizo imebaki. Kwa hiyo wangu wakifunga, wa dada wako darasani. Mwisho wa Agosti wa dada bado wanalala mpaka saa nne, wangu washavaa sare. Faida yake ni moja: nauli. Kabla England nzima haijafunga, bei ya tiketi bado ina huruma kidogo.

Hapo najua mnaandika, "si uwatoe tu wiki moja kabla shule hazijafunga?" Ngojeni niwaambie habari ya faini. Tangu Agosti 2024 ni paundi 80 kwa kila mzazi, kwa kila mtoto, ukilipa ndani ya siku 21. Ukizembea, 160. Sisi wazazi wawili, watoto wawili, pigeni hesabu: 320. Ukirudia ndani ya miaka mitatu inaanzia 160 pale pale, na mara ya tatu ni mahakamani, unaweza kutozwa mpaka 2,500. Kuna baba mmoja wa Isle of Wight alimpeleka binti yake Florida mwaka 2015, akagoma kulipa faini. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Aprili 2017 akashindwa, ingawa mahudhurio ya mtoto yalikuwa zaidi ya asilimia 90. Wapo wanaolipa wakijua kabisa, maana faini ni ndogo kuliko nauli ya Agosti. Mimi siwalaumu. Idi tunaruhusiwa, ila ni siku yenyewe tu ya ibada. Kwa siku moja mimi nafika uwanja wa ndege wa Heathrow na kurudi.

Na Desemba? Wiki mbili, nauli imepanda mara dufu, na ukitoa siku za kwenda Heathrow, ndege, kulala Dar, basi la Tanga, kisha yote hayo kinyumenyume, bibi anawashika wajukuu siku tisa, tatu wanaumwa tumbo.

Basi mwaka jana tulikwenda Julai. Huko nyumbani shule ndiyo kwanza zimefunguliwa! Mtoto wa marehemu kaka, yuko darasa la saba, mtihani Septemba, yuko kambini shuleni kwao. Tulimwona Jumapili mbili tu. Hao wadogo nao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi washapita, shati jeupe, kaptula ya bluu, mmoja na ufagio wa chelewa, mwingine na kidumu cha maji. Mwanangu amekaa barazani na kandambili, anawatazama mpaka wanapotelea kwenye kona ya msikiti. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Nimelipa nauli ya watu wanne mtoto aje akae na kuku.

Siku ya nne akaniambia, "Mama, na mimi nataka ufagio."

Mama yangu akaenda kuongea na mwalimu, wakamruhusu mtoto aje akae na binamu yake darasa la tatu. Watoto wanne dawati moja. Akarudi mchana na vumbi mpaka kwenye kope, ana kazi ya nyumbani ya hisabati, anataka daftari la mraba. Alikwenda hivyo mpaka safari yetu ikaisha, na siku moja alipoachwa amelala alilia.

Tumerudi huku, mwalimu wake kawaambia waandike walifanya nini likizo. Wangu kaandika: "Nilikwenda shule. Nilifagia uwanja." Jioni napigiwa simu, mwalimu anauliza kwa upole kama mtoto aliielewa vizuri ile kazi.